Hakufa Papo Hapo

Kuna maneno mawili ambayo nikiyasikia redioni, nazima redio: papo hapo. Lori limegonga pikipiki, abiria amefariki papo hapo. Mzee ameangukiwa na mti, amefariki papo hapo. Mwenye duka jirani hapa Matisi amenizoea. Ananiona nikipitisha mkono juu ya mikate yake kuzima redio ambayo si yangu, na nimemsikia akiwaambia wateja ati mama wa kliniki hana akili timamu. Wacha aseme. Nilivaa gwanda miaka tisa, nikiwa muuguzi wa jeshi, na nimeona watu wengi wakifa kuliko yeye alivyoona wakinunua sukari. Wanaokufa papo hapo ni wachache sana. Wengi hungoja, na wakingoja huzungumza.

Nianze na mahali penyewe.

Watu wakisikia hospitali ya vitani wanafikiria mashujaa. Yalikuwa mahema saba yaliyounganishwa kwenye mchanga, ng'ambo ya mpaka, na sakafu ya turubai la plastiki. Plastiki hainywi kitu. Ukimwaga maji yanakaa, damu ikimwagika inakaa, na buti zako zikipita zinalia kwa kunata. Harufu ilikuwa ya klorini, dizeli ya jenereta na nyama iliyoungua. Nzi walijua saa ya kula kuliko mpishi. Walitoka kwenye bandeji wakaja kwenye sahani, na wewe umechoka hata mkono wa kuwafukuza huna. Chakula kilikuwa wali na nyama ya mkebe, nyama laini ya rangi ileile ya vitu tulivyokuwa tumetoka kuvitupa shimoni. Wiki ya kwanza nilitapika, ya pili nikala, ya tatu nikaomba kuongezewa. Hiyo ya tatu ndiyo inayonitia kinyaa zaidi nikikumbuka.

Kazi yangu ilikuwa mlangoni. Helikopta ikitua, majeruhi wanalazwa chini kwenye machela, mstari mmoja, na mimi napita na kadi zenye kamba. Nyekundu: huyu aingie kwa daktari sasa hivi. Njano: huyu anaweza kungoja. Kijani: huyu anatembea, akae kando. Nyeusi sina haja ya kuieleza. Naandika saa, naandika mpigo wa moyo, nafunga kadi mkononi, naenda kwa mwingine. Dakika moja kwa kila mtu, isizidi. Askari walinitania wakaniita refa. Wakinikuta kwenye foleni ya chai waliniuliza leo nimempa nani kadi. Daktari wa upasuaji alikuwa mmoja na meza yake ilikuwa moja, kwa hivyo kadi yangu ndiyo iliyoamua nani anaingia.

Sasa nieleze balaa lilikoanzia, kwa sababu halikuanza siku ile. Wiki mbili kabla yake nilikuwa nimempa kadi nyekundu kijana wa Webuye, mtu wa kwetu, aliyekuwa akivuja damu shingoni. Aliingia kwanza, akapona. Aliyemfuata, mtu wa mbali na kwetu, alikatwa mguu. Mguu ule ungekatwa tu hata kama angeingia wa kwanza, daktari mwenyewe alisema hivyo. Lakini tulipoketi kula, maneno yakaanza. Sisi Wakenya hatuulizi mpigo wa moyo ulikuwa ngapi, tunauliza jina lako la pili. Koplo mmoja niliyefanya naye kazi mlangoni, mtu niliyekuwa nikimgawia sabuni yangu, alisema huku akitafuna kwamba damu ni nzito kuliko maji, si mnaona wenyewe. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko kile kilinikaa tumboni kama chakula kilicholala. Nikajiapiza kwamba mtu wa kwetu akiletwa tena, hakuna atakayepata la kusema.

Siku yenyewe waliletwa tisa kwa mara moja, saa tatu asubuhi. Gari lao lilikuwa limekanyaga bomu. Wa nne kwenye mstari alikuwa kijana mrefu, miguu imepita mwisho wa machela, na mwilini hana alama nyingi. Tundu dogo tu chini ya mbavu, ungedhani limetobolewa kwa penseli. Wenzake walikuwa wakipiga mayowe. Yeye alikuwa ametulia. Alisoma jina langu kifuani, akatabasamu, akanisalimia kwa lugha ya kwetu.

"Mulembe, dada," akasema. "Kumbe wewe ni wa nyumbani kabisa."

Alikuwa wa upande wa Kibabii, kijiji ambacho ukiwa kwetu unasikia jogoo wao akiwika. Nilimshika mkono. Kiganja kilikuwa baridi, kina unyevu, cheupe ndani. Mpigo ulikuwa unakimbia, mia moja na thelathini. Nilibonyeza tumbo nikalikuta gumu kama ubao wa chapati. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua kwamba mtu huyu anavuja damu kwa ndani. Nami nilijua. Kadi nyekundu ilikuwa tayari kati ya vidole vyangu.

Nyuma yangu koplo akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu asiye na kifua. Nikairudisha nyekundu mfukoni, nikatoa njano.

Na yule kijana, Mungu amrehemu, akanisaidia. Aliniambia nianze na hawa wengine, hawa wanaria, yeye atangoja tu. Alisema wanaria badala ya wanalia, kama tunavyosema kwetu ulimi ukijisahau, na kwa sekunde moja nilimchukia kwa kulisema vile mbele ya koplo. Nikamfunga kadi kwa kile kifundo ambacho mama alikuwa akifungia kuku miguu akiwapeleka soko, kifundo kisichofunguka. Nikaandika saa tatu na dakika kumi. Nikaenda kwa wa tano.

Kwa miaka mingi nilijificha nyuma ya maneno yake hayo. Si alisema mwenyewe nianze na wengine? Si alisema mwenyewe atangoja? Upuzi mtupu. Mgonjwa hapangi foleni. Mimi ndiye niliyesomea kuipanga.

Nilirudi kwake mara tatu. Mara ya kwanza aliomba maji, nikamlowesha midomo kwa kitambaa, kwa sababu mwenye jeraha la tumbo hanyweshwi. Mara ya pili alikuwa ameanza kuhema haraka. Alinishika mkono wa gwanda, akaniambia jambo kwa lugha ya kwetu, polepole, kama mtu anayekutuma dukani na hataki usahau.

"Mama ajue yule msichana wa Kapsokwony ni bibi yangu. Ana mimba. Mtoto akiwa mvulana, apewe jina la baba yangu."

Nilimwambia atayasema mwenyewe akifika nyumbani. Akasema sawa, lakini nawe yashike. Nikasema nimeyashika. Mara ya tatu nilipomwona nilikimbia ndani kumvuta daktari kwa mkono, lakini wakati huo nilikuwa nakimbizwa na aibu, si na kazi. Daktari alimtazama, akaitazama kadi, akanitazama mimi. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi. Kijana alikuwa amengoja saa moja na dakika arobaini, na mlangoni hakuna aliyekohoa tena.

Nilitumwa kuisindikiza maiti kwa kuwa mimi ni wa huko. Kabla ya safari afisa mmoja wa makaratasi aliniita akanisomea nitakachoiambia familia: alifariki papo hapo, bila maumivu. Niliuliza kama ndivyo ilivyoandikwa kwenye faili. Akasema ndivyo tunavyosema kwa wote, familia hufarijika. Ningependa kuandika hapa kwamba nilibisha. Sikubisha. Nilimshukuru. Alikuwa amenipa shuka na nikajifunika gubigubi.

Kwetu mtu hazikwi kabla ya ugonjwa wake kuelezwa. Nenda matanga yoyote Bungoma utasikia: aliyemuuguza asimame. Hata kama ni malaria ya siku mbili, aliyekuwa kando ya kitanda atasimama mbele ya watu aseme ilianza vipi, mgonjwa alikula nini, alilala vipi, na mwisho alisema nini. Watu hunyamaza hapo kuliko wanavyonyamazia mahubiri, kwa sababu neno la mwisho la marehemu linafuatwa. Likisemwa pale limesemwa, na lisiposemwa pale hakuna atakayelikubali baadaye.

Matanga yenyewe yalinichefua tangu asubuhi. Mwanasiasa alifika amechelewa, na kipaza sauti chake mwenyewe, akataja shujaa, shujaa, shujaa, na jina la marehemu akalikosea mara mbili. Vijana walinyanyua simu kupiga picha jeneza. Mchungaji alitumia dakika nyingi kuwakemea watu waliokuwa hawajaonekana kanisani. Nyuma ya jikoni nyama ilikuwa ikitokota kwenye sufuria kubwa, na kila upepo ukigeuka nilikuwa nikinusa mkebe ule wa jangwani. Nilikuwa nimevaa sare iliyopigwa pasi, nimekaa mstari wa mbele, na wamama walikuwa wakinipa pole.

Kabla ya kufika kwenye maelezo, pikipiki ilisimama langoni. Msichana akashuka, tumbo mbele, leso kiunoni, viatu vina udongo mwekundu wa mlimani, kule Kapsokwony. Akawaambia waliokuwa langoni kwamba yeye ni mke wa marehemu. Baba wa kijana alikuwa amekufa zamani, kwa hivyo baba mdogo ndiye aliyekuwa akiongoza shughuli, naye akatoka kumhoji. Ni nani alikuleta hapa nyumbani? Ni mzee gani anakujua? Ulishapika katika jikoni ya huyu mama? Msichana alijibu kwamba walipanga kuja Desemba, kijana akipewa likizo. Watu wakaguna. Mmoja nyuma yangu alisema jeneza la askari halikosi kuleta bibi mpya, na huyu ni wa mlimani tena, si hata wa kabila letu. Mama wa marehemu alikuwa ameketi chini kando ya jeneza. Aliinua kichwa, akamtazama msichana kwa muda mrefu.

Baba mdogo akarudi kwenye kipaza sauti. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka jambo liamuliwe kwa njia yetu.

"Kama kijana aliacha neno juu ya huyu msichana," akasema, "aliyemuuguza asimame atuambie."

Nikasimama. Maneno yake nilikuwa nayo mdomoni, yote, nimeyashika kama nilivyoahidi. Lakini ukisema mtu alisema, lazima useme alisema lini. Ukisema lini, watauliza mbona hakutibiwa muda huo wote. Kutoka hapo ni kadi, kutoka kadi ni kikohozi, na kutoka kikohozi ni mimi. Nilimwona msichana amesimama kwenye ua, ameshika mti kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, anangoja. Hata yeye anangoja, nikajiambia. Nikasema alifariki papo hapo, bila maumivu, na hakupata nafasi ya kusema neno lolote.

Watu wakasema amina. Msichana hakulia. Alinitazama mpaka nikakaa, kisha akapanda pikipiki ileile akarudi kwao. Mimi nililetewa sahani ya nyama kabla ya wengine, kama mgeni wa heshima, na ile sahani niliimaliza.

Mkataba wangu ulipoisha sikuomba mwingine. Nilikuja Kitale, nikapanga nyumba Matisi, nikapata kazi kwenye kliniki ndogo: mafua, vidonda vya panga, watoto wa kuhara, chanjo. Nilikuwa mkali kwa wagonjwa. Mtu akiniambia hana haraka, atangoja, nilikuwa namfokea aingie kwanza, na watu walidhani ni tabia mbaya tu. Nilijiambia Kitale ni mbali na Bungoma. Mjinga mimi. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Ikapita miaka sita. Mwaka jana, asubuhi ya siku ya soko, mama mmoja aliingia kliniki akiwa na kijitabu cha presha. Alikaa kwenye benchi akawaacha watu wote wampite, mpaka akabaki peke yake. Nilipomwita alikaa mbele yangu, akafungua kijitabu, akaniwekea mezani kadi ya njano. Kamba yake ilikuwa imekatwa kwa wembe. Kifundo kilikuwa bado hakijafunguka.

Nilimjua kabla hajasema yeye ni nani. Akanieleza bila haraka. Jeneza lilikuja na amri kwamba lisifunguliwe, lakini kwetu hakuna anayemzika mtu asiyemwona, na kabla ya wageni kufika walilifungua. Yeye mwenyewe alimvalisha soksi alizomfumia, na alipomnyoosha mkono wa shati akaikuta kadi. Ilitakiwa iwe imekatwa tangu kule, nasi hatukuikata. Mama alidhani ni kitu cha jeshi tu, kama nambari. Akaitia kwenye Biblia, baadaye akaihamishia kwenye kijitabu cha presha ili imwonyeshe ukurasa. Mwezi uliotangulia muuguzi wa zahanati ya kwao aliiona akamwuliza ameitoa wapi, kisha akamweleza maana ya rangi, na saa, na mpigo. Basi mama akaenda kijijini kwetu kuniulizia, na kaka yangu akamwelekeza vizuri sana, bila kujua ananielekezea nini.

"Hii wanapewa wanaoweza kungoja," akasema. "Aliyekufa papo hapo anangoja nini, mwanangu?"

Nilimwambia yote. Nilimwambia juu ya nyekundu iliyorudi mfukoni, na koplo, na maji niliyomnyima mwanawe. Nilipofika kwenye maneno ya kijana alinizuia kwa mkono, akataka niyaseme kwa lugha ya kwetu, kama yalivyosemwa. Nikayasema. Akafumba macho. Nikaanza kuomba msamaha, nikalia hata, na kilio changu chenyewe kilinitia kinyaa kwa sababu nilijua kinatafuta kubembelezwa.

Hakunibembeleza. Alingoja nimalize kupenga kamasi.

"Hayo maneno si yako," akasema. "Ulitumwa. Utayaleta nyumbani."

Nilienda Jumamosi iliyofuata. Siku tatu za katikati yeye alikuwa amezimaliza Kapsokwony, anapanda na kushuka yale matelemko kwa pikipiki na miguu yake ya presha, anauliza shamba kwa shamba, mpaka akampata msichana kwa mama yake, anapalilia viazi. Sijui alimwambia nini akakubali kuja. Nilipofika walikuwa wameketi uwanjani, mahali palepale pa matanga. Safari hii hapakuwa na hema wala kipaza sauti. Alikuwapo baba mdogo, majirani wachache, yule mwanamke wa Kapsokwony, na mvulana wa miaka sita anayemfukuza kuku kuzunguka nyumba.

"Sasa aliyemuuguza asimame," mama akasema.

Nilisimama nikaeleza kama inavyoelezwa kwetu. Ilianza vipi, aliomba nini, nilimpa nini na nikamnyima nini, alisema nini mwishoni. Nilizitaja kadi zote mbili, ile niliyomfunga na ile niliyoirudisha. Nikamgeukia mwanamke nikamwambia hayo maneno yalikuwa yako tangu siku ile uliposhika ule mti, na mimi niliyameza.

Baba mdogo alisafisha koo. Akasema vita ni vita, binti yangu, hata wewe ulikuwa chini ya amri. Jirani mmoja akasema Mungu ndiye apangaye. Walikuwa wananisamehe haraka haraka, kama watu wanaotaka chai iletwe. Nikawaambia hapana. Hakuna aliyeniamuru nitoe njano. Mtu alikohoa tu.

Mwanamke akainuka. Kwetu mate ni baraka, kukhu, yaani nyanya, humtemea mjukuu kifuani akimtakia maisha marefu, na watu wa mlimani nao wana desturi hiyo. Alinikaribia akatema chini, kando ya kiatu changu, na pale uwanjani hakuna aliyedhani ni baraka. Hakuna aliyemkemea pia. Sikusogeza mguu. Katika mambo yote niliyotendewa tangu siku ile, pamoja na pole na sahani ya nyama, hilo peke yake ndilo lililonistahili.

Mama alimshika mwanamke mkono akamwingiza ndani, kwenye jikoni ile aliyoulizwa kama alishapika. Kisha akarudi akasimama mlangoni, akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa ametupa mgongo, mgongo mrefu kama wa baba yake, na kuku amemponyoka. Huko alikolelewa walimpa jina la upande wa mama, kwa kuwa hakuna upande mwingine uliomtaka. Mama akaita jina la marehemu mumewe, jina ambalo mke wa kwetu halitamki ovyo. Aliliita kwa sauti, wote tukasikia. Akaliita tena.

Mtoto hakugeuka. Kwani angejuaje kwamba ni yeye anayeitwa?